Mgahawa wa kulipia kwenye meli ya kitalii: lini ulipe, lini uache

Nauli ya meli ya kitalii tayari ina chakula ndani yake. Ukumbi mkuu wa chakula, bafe, pizza na vibanda viwili vitatu vya mchana umeshavilipia siku uliponunua tiketi. Mgahawa wa kulipia ni pesa juu ya pesa hiyo, kwa hiyo usijiulize kama chakula chake ni kitamu, maana mara nyingi ni kitamu. Jiulize kama unapata kitu ambacho ukumbi mkuu hauwezi kukupa hata ukikiomba kwa adabu.

Kwa safari ya usiku 7, watu wengi watapata thamani ya pesa yao kwa mlo mmoja wa usiku, au mmoja wa usiku na mmoja wa mchana. Zaidi ya hapo faida inapungua haraka. Chini ya hapo hupotezi kitu: unaweza kumaliza safari nzima bila kulipa hata dola moja ya chakula na ukashuka umeshiba vizuri.

Anza na kampuni, kisha meli

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, angalia kama meli yako inatoza kabisa. Virgin Voyages haina ukumbi mkuu wa kawaida. Migahawa yake iko ndani ya nauli. Oceania, Regent na Viking nao wameingiza migahawa yao maalumu kwenye bei ya tiketi, na ndiyo sababu mojawapo tiketi zao ni ghali. Ukilinganisha nauli zao na za meli kubwa za familia, ongeza kwanza kwenye hizo za familia gharama ya milo unayotarajia kununua, ndipo ulinganishe.

Wanaotoza ni Royal Caribbean, Carnival, Norwegian, MSC, Celebrity, Princess, Holland America na Disney. Kwa Royal Caribbean utakuta Chops Grille ya steki, Giovanni's ya Kiitaliano na Izumi ya Kijapani. Carnival ina Fahrenheit 555 ya steki. Norwegian ina Cagney's ya steki, Le Bistro ya Kifaransa na Teppanyaki, ambako mpishi anakupikia mbele yako. MSC ina Butcher's Cut ya steki na Kaito ya Kijapani. Si kila meli ina migahawa yote, kwa hiyo usitegemee jina la kampuni peke yake. Fungua ukurasa wa meli yako, tafuta ramani ya ghorofa, uone kilichopo.

Kwa nini steki ya ukumbi mkuu haiwi kama ya mgahawa

Ukilielewa jiko la melini, uamuzi unakuwa rahisi. Icon of the Seas hubeba abiria 5,610 kwa hesabu ya watu wawili kila chumba. Ukumbi mkuu wa meli za aina hiyo hulisha maelfu ya watu kwa zamu, ya kwanza kuanzia kama saa 11:30 jioni na ya pili kama saa 2 usiku. Mamia ya sahani zinatoka karibu kwa wakati mmoja. Nyama huchomwa kwa mafungu, ikakaa kidogo kwenye kabati la joto ikisubiri sinia lijae, kisha mhudumu akabeba sahani kadhaa kwa safari moja. Ukiagiza iliyoiva nusu, inaendelea kuiva ndani ya kabati na inakufikia imeiva karibu yote. Hakuna uzembe wa mpishi hapo. Jiko la ukubwa ule linafanya kazi hivyo.

Mgahawa wa kulipia una viti vichache sana kulingana na ukumbi mkuu, na nyama yako inachomwa baada ya wewe kuagiza. Kipande chenyewe pia ni kingine, kinene zaidi, chenye mafuta ya kutosha kukifanya kiwe laini. Kwa hiyo vyakula vinavyoteseka kwa kusubiri ndivyo vya kulipia: steki, samaki wa kuchoma, sushi, vitu vinavyopikwa mbele yako kwenye bamba la chuma.

Vyakula visivyoteseka sana kwa kusubiri ni vya kuacha. Pasta yenye rojo, lazanya, supu, nyama ya kupikwa taratibu kwa saa nyingi: hivi ukumbi mkuu unavipika vizuri. Ndiyo maana mgahawa wa Kiitaliano ndio wa mwisho ambao tungekushauri ulipie. Si mbaya, lakini tofauti yake na kile ulichokwisha kulipia ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Kuna vitu vingine viwili unavyonunua, na kwa baadhi ya watu vina uzito kuliko nyama. Kimoja ni utulivu: meza hazikusongamana na mhudumu ana watu wachache wa kuangalia. Kingine ni meza yenu wenyewe, pasipo wageni msiowajua. Kama mnasherehekea ndoa au mmekuja na wazazi wasiopenda kelele, hilo peke yake linaweza kutosha.

Hesabu yenyewe

Bei hupanda na kushuka kulingana na meli, tarehe na nafasi zilizobaki. Kwa miaka ya karibuni mlo wa usiku kwenye mgahawa wa steki umekuwa mara nyingi kati ya dola 40 na 70 kwa mtu mzima. Bei unayoiona kwanza kwa kawaida si ya mwisho. Royal Caribbean huongeza bakshishi ya asilimia 18, Norwegian asilimia 20.

Tuseme bei ni dola 60. Ongeza asilimia 18, yaani dola 10.80, inakuwa dola 70.80. Watu wawili ni dola 141.60, na hapo hamjanywa soda. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mezani mnapojadiliana nyumbani, siyo 60.

Kisha soma menyu kwa makini, kwa sababu baadhi ya sahani zina tozo juu ya tozo. Kwenye Chops Grille, kamba koche mzima na steki zilizokaushwa kwa muda mrefu huwa na bei yake pembeni, nje ya ile uliyolipia kuingia. Izumi ya sushi, Bonsai Sushi ya Carnival na Playmakers (baa ya michezo ya Royal Caribbean) hazina bei moja ya kuingia. Unalipa kila sahani. Hapo watu wawili wasio na njaa kali wanaweza kula kwa pesa kidogo kuliko mgahawa wa bei moja, na wenye njaa wanaweza kupitiliza. Kwenye Norwegian, uliza kabla ya kuagiza sahani kuu ya pili, maana inaweza kutozwa.

Njia ya katikati wengi hawaijui. Kwenye ukumbi mkuu wa Royal Caribbean na wa Carnival, chini ya menyu kuna sahani chache za kulipia, ikiwemo steki ya daraja la juu. Bei yake huwa karibu theluthi moja ya mgahawa wa steki. Kama mmoja wenu anataka nyama nzuri na mwingine haoni sababu ya kulipa, mwenye hamu alipie sahani yake palepale na mle pamoja.

Jua pia usiku wa kamba koche. Royal Caribbean, kwenye safari ndefu, huwa na usiku wa mavazi rasmi ambapo mkia wa kwanza wa kamba koche ni bure ukumbini na wa pili unalipiwa. Usiweke nafasi ya kulipia usiku huo! Ni kosa la kawaida, na linatokea kwa sababu watu huweka nafasi miezi kabla hawajaiona menyu. Menyu za kila usiku utaziona kwenye programu ya simu mara ukipanda.

Mchana wa siku ya baharini

Hapa ndipo thamani ilipo. Siku ambayo meli haitii nanga, baadhi ya migahawa ya steki hufungua mchana kwa bei ya chini sana kuliko usiku. Chops Grille hufanya hivyo kwenye meli nyingi. Menyu ni fupi kidogo na vipande vingine vya bei kubwa havipo, lakini jiko ni lilelile na wahudumu ni walewale. Bafe wakati huo imejaa watu wenye sahani mikononi wakitafuta meza. Usiku unarudi ukumbi mkuu bila kupoteza mlo ulioulipia.

Kama unataka kujua mgahawa unafanana vipi kabla ya kutoa bei ya usiku, anza na mchana huo.

Vifurushi: vinapolipa na visipolipa

Kifurushi cha milo 3, au cha milo isiyo na kikomo, kinaonekana rahisi kwa sababu kinagawanya bei. Kitu cha kuangalia ni milo ambayo ungeinunua hata kama kifurushi kisingekuwepo.

Chukua mfano. Kifurushi cha milo 3 ni dola 130, pamoja na asilimia 18 ni dola 153.40. Ukinunua mmoja mmoja, steki kwa 60, Kijapani kwa 60 na Kiitaliano kwa 45, jumla na bakshishi ni dola 194.70. Umeokoa dola 41.30. Lakini kama ulichotaka tangu mwanzo ni steki tu, ungelipa dola 70.80. Sasa umetumia dola 82.60 zaidi ili kuokoa 41.30.

Kifurushi kisicho na kikomo, tuseme dola 240 kwa usiku 7, kinafika dola 283.20. Ukila humo usiku zote 7, kila mlo ni kama dola 40. Ukila mara 4, kila mlo ni dola 70.80, sawasawa na bei ya kununua mmoja mmoja. Na watu wengi huishia mara 4, kwa sababu siku za bandarini hurudi wamechoka, wamekula mjini, au hawataki kukaa mezani saa mbili. Kifurushi hiki kinawafaa wanaopenda kula taratibu kila usiku na ambao safari yao ina siku nyingi za baharini, kwa sababu kwa Royal Caribbean kinahesabu na milo ya mchana ya siku hizo. Kwa migahawa ya kulipa kila sahani hutoa kiasi fulani cha kutumia, siyo chakula chote. Meza ya mpishi, yaani mlo maalumu wa watu wachache pamoja na mpishi, kwa kawaida haimo.

Jambo jingine linalowakera wanunuzi: vifurushi vingi havikuachii kuchagua usiku zote kabla ya safari. Unapangiwa usiku wa kwanza au wa pili, na milo iliyobaki unaipanga ukishapanda. Kwa hiyo saa ile ya kwanza melini, kabla ya bafe na kabla ya bwawa, nenda kwenye meza ya kuweka nafasi au mlangoni mwa mgahawa. Ukingoja mpaka kesho yake, zitakazobaki ni saa 11 jioni na saa 3:30 usiku.

Norwegian hutoa milo kadhaa ya kulipia kama zawadi ndani ya ofa zao za tiketi. Ni zawadi yenye gharama: bakshishi ya milo hiyo na ya vinywaji unailipa mwanzoni, na ofa kwa kawaida ni ya abiria wawili wa kwanza wa chumba. Watoto au ndugu wa tatu hawamo. Idadi ya milo hutegemea urefu wa safari na aina ya chumba, basi ihesabu kabla ya kuwaahidi watoto.

Jinsi ya kuweka nafasi

Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni mara tu unapolipa amana ya safari. Andika bei ya mgahawa unaoutaka pamoja na tarehe uliyoiona. Bei ya kabla ya safari mara nyingi ni chini ya ile ya melini, na hubadilika. Ukiona nzuri, nunua. Baadaye ikishuka, futa na ununue upya kwa bei mpya. Kampuni nyingi zinaruhusu hilo hadi siku chache kabla ya kupanda, lakini soma sharti la kufuta kwanza na uhakikishe bei mpya bado ipo kabla hujafuta ya zamani.

Chagua siku kwa utaratibu huu. Toa usiku wa kamba koche. Toa siku ambazo meli inaondoka bandarini jioni sana, maana mkichelewa kurudi mtakosa nafasi. Angalia saa za maonyesho ya jukwaani: mlo wa steki huchukua saa moja na nusu hadi mbili, wa bamba la chuma kama saa moja na nusu bila kupungua, kwa sababu mpishi anawapikia watu wote wa meza kwa pamoja na huwezi kuondoka katikati. Ukichelewa huo, umekosa. Usiku wa kwanza huwa na nafasi nyingi na wakati mwingine punguzo, kwa vile wengi bado wanatafuta masanduku yao. Huo ndio usiku tunaoupendekeza kwa asiye na ratiba.

Kufuta nafasi melini kwa kawaida kunatakiwa saa 24 kabla. Usipotokea bila kufuta, unaweza kutozwa.

Kama wakala wako alikupa pesa ya kutumia melini, uliza kama inarudishwa ikibaki. Isiyorudishwa hupotea siku ya kushuka. Pesa ya namna hiyo ndiyo inayofaa kabisa kwa mgahawa wa kulipia, kuliko kuimalizia dukani siku ya mwisho kwa fulana usiyoihitaji.

Halali, mzio na ladha

Kulipa zaidi hakufanyi nyama kuwa halali. Wasomaji wengi wanaopanda meli Miami au Galveston, Marekani, hudhani mgahawa wa bei kubwa utakuwa na nyama ya kuchinjwa inavyotakiwa. Usidhani. Andikia kitengo cha mahitaji maalumu cha kampuni wiki 6 hadi 12 kabla, uulize kwa maandishi, na usubiri jibu kwa maandishi. Wakikujibu kuwa hawana, basi mgahawa wa steki umepoteza sababu yake kubwa kwako. Samaki na mboga utavipata ukumbini bila malipo.

Ukienda hata hivyo kwa ajili ya samaki, uliza mambo haya kabla ya kuagiza: kama rojo limepikwa kwa divai, kama supu ya vitunguu ina pombe, kama viazi au mboga za pembeni zina vipande vya nguruwe, kama tamu za baridi zina jelatini (huweza kutoka kwa nguruwe), na kama tiramisu ina pombe. Kwenye migahawa ya Kijapani uliza kuhusu mirini na sake, pombe za mchele, kwenye michuzi. Wenye mzio wa kamba wakumbuke kuwa bamba la chuma ni moja: kamba wa jirani na kuku wako vinapita palepale. Sema unapoweka nafasi na useme tena ukikaa, ili wakupikie jikoni pembeni.

Kuhusu ladha, kuna siri inayowafaa waliozoea bizari na pilipili, nayo haina gharama. Ukumbi mkuu wa kampuni kubwa huwa na sahani ya Kihindi ya mboga karibu kila usiku, na jikoni mara nyingi kuna wapishi kutoka India. Usiku wa kwanza mwite mkuu wa wahudumu, siyo mhudumu wa meza peke yake, umwambie kwa upole kwamba ungependa mchuzi wa kamba au wa dengu wenye viungo kesho, pamoja na wali na achari. Agizo la siku moja kabla hukubaliwa mara nyingi. Ombi la palepale hukataliwa, kwa sababu jiko linapanga vitu vyake mapema. Kuna watu hulipia usiku tatu wakitafuta chakula chenye ladha, na kumbe walihitaji kuomba tu.

Watoto

Royal Caribbean hutoza watoto wadogo bei ndogo, na wa miaka 5 kushuka hula bure kwenye migahawa mingi ya bei moja. Kuanzia miaka 13 ni bei ya mtu mzima. Palo, mgahawa wa kulipia wa Disney, ni wa miaka 18 na zaidi. Kijana wa miaka 13 anayekula vipande vya kuku na chipsi asilipiwe dola 70. Mpeleke kwenye bamba la chuma, ambako anaona moto na mayai yakirushwa, au muache ukumbini na wenzake.

Siku ya kulipa

Kadi ya benki ya kawaida, isiyo ya mkopo, inaweza kukuletea shida: meli hushikilia kiasi fulani kwenye akaunti yako kila siku, na pesa hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya safari. Kama unatumia kadi ya shilingi kulipia bili ya dola au yuro, ongeza gharama ya kubadilisha.

Chakula kikiwa kibaya, sema ukiwa bado mezani. Steki iliyoiva kupita kiasi hurudishwa na kuchomwa nyingine bila ubishi. Huduma ikiwa mbovu usiku mzima, zungumza na meneja wa mgahawa kabla hujatoka. Wana uwezo wa kuondoa tozo au kukupa nafasi nyingine. Ukienda kulalamika kwenye dawati la wageni asubuhi ya kushuka, foleni ni ndefu na hakuna aliyeona sahani yako.

Jioni moja kabla ya kushuka, fungua bili yako kwenye programu au runinga ya chumbani. Tafuta vitu vitatu: mlo uliolipia kabla ya safari ukatozwa tena, tozo ya kutotokea kwa nafasi uliyofuta, na bakshishi iliyoandikwa na mhudumu juu ya ile asilimia 18 bila wewe kuijaza. Risiti za mgahawa zina mstari wa bakshishi ya nyongeza. Huo si lazima, na ukiuacha wazi pigia mstari kabla ya kusaini.